Kitovu cha Kioo

Kipindue kwanza.
Wageni husifu maua. Mimi huanzia chini,
pale fimbo ya chuma ilipoachana na kioo
kikiwa bado kinajikunja kama asali.
Kila kilichozaliwa kina kitovu.
Cha kiwanda kikubwa husagwa, hung'arishwa mpaka kisahau;
cha haraka hubaki na ukali wake,
hukwaruza meza, hukwaruza na kidole kinachouliza.

Hiki nilikikuta Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Crieff,
mvua ikigonga madirisha kama mdai,
ndani ya bakuli la vifungo vya makoti
na funguo ambazo milango yake ilishabomolewa.
"Pauni mbili," akasema Bwana Geddes,
"au beba na vifungo, tatu."
Nilibeba na vifungo. Sikuonyesha jino.
Mkusanyaji akitabasamu, bei hupanda ngazi.

Nyumbani nikakiosha kwa sabuni ya vyombo.
Milimita arobaini na tatu, shavu hadi shavu.
Gramu tisini na moja.
Ukubwa wa jozi.
Karatasi gani ingehitaji kizito kidogo hivi?
Stempu, labda. Risiti ya mkate.
Alasdair aliniuliza hayo hayo mwaka tuliooana,
nami nikamjibu: vikubwa huzuia karatasi,
vidogo hunizuia mimi.
Hakucheka. Wiki iliyofuata nikasikia msumeno bandani,
akaja na kabati la matundu thelathini.
Alikufa nikiwa nimefika ishirini na moja.

Nikafunga mapazia, nikawasha taa ya urujuanimno.
Kikawaka kijani cha ndimu,
basi si cha Bohemia, si cha Murano,
ni cha bonde letu hili, maili nne kutoka birika langu la chai.
Kwa lenzi nikahesabu vijiti kumi na tisa:
nyota, gurudumu, nyota,
kimoja kimeinama kama jino la maziwa,
na katikati, nyeusi juu ya nyeupe, herufi.

M?
Basi ni cha kwa Moncur, walivitoa kwa maelfu,
thamani yake chai na kipande cha keki.
W?
Basi ni mzee Wardlaw, aliyetia sahihi vidogo vinane maishani,
na saba tunajua vinalala kwa nani.
Nikakizungusha. M. W. M.
Ndani ya duara, juu ni wapi?

Usiku ule nililalia upande wa W.

Jumanne nikampelekea Una Ballantyne,
miaka themanini na moja, aliyekata vijiti katika viwanda vyote viwili.
Hakutafuta miwani.
Alikipindua kwanza,
akasugua kitovu kwa dole gumba, akaguna.
"Hakikusagwa. Jiwe la kusagia lilikuwa la msimamizi.
Hiki ni cha saa ya chakula: masalia ya chungu,
dakika kumi, mwenzako amesimama mlangoni akikohoa.
Na hiyo si herufi, mpenzi.
Ni shakwe.
Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sikujua kuchora shingo."

Nikamwambia akichukue, ni chake.
"Vumbi ninalo la kunitosha," akasema.
Ila vifungo alivimwaga mapajani,
akavipanga kwa rangi huku akiniuliza habari za goti langu,
na nilipoinuka kuondoka
akaomba vile vya kijani.

Kadi nimeiandika mara tatu.
Fundi: U.B.
Mwaka: majira ya baridi, mabomba yalipoganda.
Thamani: hapo kalamu ilikauka, au niliiacha ikauke.
Tundu la thelathini lingali tupu.
Shakwe yuko mezani, juu ya bili ya umeme,
ambayo haikuwa na safari yoyote.