Kamba Iko kwa Shekigenda

Mimi ni namba thelathini na moja, mheshimiwa.
Nimekaa tangu saa tatu kwenye benchi hili la Ngamiani
nikiwasikiliza waliotangulia.
Mwalimu mstaafu kasema damu haioshwi kwa damu,
ukumbi ukaguna.
Muuza nyama wa Barabara ya Nane kasema
aliyeua kwa kusudi amfuate mwenzake huko alikompeleka,
ukapiga makofi.
Sheikh katukumbusha kisasi, na mlango wa msamaha uliomo humo humo.
Yule askari magereza wa zamani kashika maikrofoni,
akatazama viatu vyake,
akairudisha bila neno.
Mimi umenipa dakika tatu.

Nimesokota kamba miaka ishirini na miwili.
Naujua mkonge toka mwiba hadi robota:
korona inavyouponda, unavyotema maji ya kijani yanayowasha,
singa zinavyoanikwa zikang'aa
kama mvi za bibi aliyetoka kuoga.
Kiwandani hatuulizi kamba inakwenda wapi.
Ya kisima, ya kitanda, ya turubai la lori,
zote zanuka mafuta yale yale.

Mdogo wangu Mbaruku alikuwa na pikipiki ya mkopo.
Abiria wake wa mwisho alimwambia, nipeleke Pongwe.
Tulimpata siku ya tatu, baina ya mistari ya mkonge,
mkonge ule ule unaonilisha,
mguu mmoja una kiatu.

Jaji alisoma, sauti haikupanda wala kushuka:
utanyongwa mpaka ufe.
Mama akasema Alhamdulillahi,
akatoka nje akatapika.
Usiku ule niliingia zamu,
nikasokota pima nne, nene kama kidole gumba,
nikaijaribu kwa gunia la mchanga,
nikaificha uvunguni.
Isije Serikali ikasema imekosa kamba.

Hakuna aliyekuja kuiulizia.
Mwaka wa kwanza Mama alilala na redio sikioni.
Mwaka wa tano alikuwa bado ananunua betri.
Mwaka wa tisa akaniuliza, "Hivi yule mtoto yu hai?"
Alimwita mtoto, mheshimiwa, nilisikia mwenyewe.
Mwaka wa kumi na moja akafa yeye.
Hukumu ikabaki mlangoni kama mgeni
asiyeingia, asiyeondoka,
chai yake imeganda utando.

Mama wa aliyeua namjua, anauza mihogo Duga.
Akiniona huvuka barabara, au mimi huvuka,
yategemea nani kamwona mwenzake kwanza.
Siku moja mvua ilitukusanya baraza moja.
Tulisimama, kila mtu na nguzo yake,
mpaka ikakatika.
Sisemi tumesameheana. Ningekuwa mwongo.

Wanasema kitanzi ni fundisho. Labda.
Wanasema asiyeweza kufufua asiongeze kaburi. Labda.
Usiku nikikumbuka kile kiatu
naining'iniza kamba mwenyewe, fundo nalikaza.
Asubuhi mbele ya mashine
mkono huo huo unaniambia, mimi simo.
Sasa huyu mtu mmoja unamwandika safu gani?

Masika yaliyopita mbuzi wa jirani yangu Shekigenda
alitumbukia shimo la choo.
Akaja mbio: "Mama Zaituni, una kamba?"
Nikasema sina.
Mbuzi akalia tena.
Nikainama uvunguni.
Wanaume wanne waliivuta, haikukatika hata uzi.
Nilijua haitakatika.
Mbuzi akatoka ananuka, mzima,
akaanza kutafuna pindo la kanga yangu
kana kwamba ndiyo shukrani.

Kengele nimeisikia, namalizia.
Karani, naona kalamu yako imesimama hewani,
naunga mkono au napinga.
Andika hivi tu:
kamba iko kwa Shekigenda.
Mwezi wa nne huu hajairudisha,
na mimi sijaidai.