Puuza Msuguano

Mtihani wa mwaka wa kwanza ulianza hivi:
gari linateremka mlimani, puuza msuguano.
Tukapuuza. Tukapata alama.
Tukapuuza upepo, uzito wa kamba, unene wa waya,
hata aliyeketi ndani ya gari tulimpuuza.

Julai hii nimekabidhiwa ufunguo wa paa, Chiromo,
na seli ya jua niliyoipaka mwenyewe rangi ya rosela
iliyochemshwa katika sufuria ya Bi. Kasichana, fundi wa maabara,
ambaye sufuria hiyo hajanisamehe mpaka leo.
Kazi yangu: kila dakika kumi, saa mbili hadi saa kumi,
soma volti, andika volti.

Jua lenyewe halijaripoti kazini.
Wingu la Nairobi mwezi wa saba ni blanketi la bweni,
zito, la kijivu, lina harufu ya mtu mwingine.
Mama anapiga simu kutoka Nyansiongo.
"Nyanchama, hiyo kazi wanakulipa?"
Si kazi, mama, ni mafunzo.
"Unafunzwa nini?"
Kupima jua.
Kimya. Kisha:
"Kwani huko kwenu limetoka?"

Leshore yuko chini kabisa, na kompyuta
inayozimika kila umeme ukikonyeza.
Anaiga fotoni milioni kwa milioni,
fotoni zisizochoka, zisizopigwa na baridi.
Mchana tunagawana chapati moja na madondo ya mkopo.
Hesabu yake inatabiri milivolti mia nne.
Mimi nina mia mbili na kumi,
na mafua.

Wiki ya tatu nikaliona:
saa tano na dakika kumi, karibu kila siku,
grafu inaanguka kama mtu aliyekosa ngazi,
inalala chini dakika ishirini,
inaamka, inajikung'uta, inaendelea.

Sikulala. Chumba cha Ngara, taa ya simu,
makala za watu wa mbali wenye vyombo vya bei ya shamba.
Labda elektroni zinanaswa. Labda rangi inachoka.
Labda, nilijinong'oneza, hakuna aliyewahi kuliona hili.
Nikaandika kurasa nne.
Nikazipenda.

Daktari Mutheu alizisoma zote, bila haraka,
akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge.
"Saa tano na dakika kumi
wewe huwa uko wapi?"
Ngazini, nikasema. Mita iko ngazini. Nje kuna baridi.
"Na seli?"
Nje.

Kesho yake nikajifunga shuka la Leshore, nikatoka.
Saa tano na dakika nane akatua korongo,
yule mkubwa wa majalalani, mwenye upara,
mfuko wa shingo ukining'inia kama begi la mkaguzi.
Akasimama ukingoni, kati ya seli yangu
na kile kijua kidogo tulichobakishiwa,
akanyoosha bawa moja, taratibu,
akaota.

Ngazini, sindano ya mita ilianguka.
Sikuhitaji kwenda kuiona.

Nilicheka mpaka Bi. Kasichana akapanda kuuliza kulikoni,
akamwona ndege, akamwona mwanafunzi ndani ya shuka,
akashuka bila neno.
Zile kurasa nne ninazo bado. Sijui kwa nini.

Nilitaka kuzifuta safu zile, zibaki safi.
Daktari akakataa: "Tarakimu ziache.
Pembeni andika: ndege."
Basi ripoti yangu, ukurasa wa saba,
ina neno ndege mara kumi na tisa.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri mmoja wa nyuma
aliuliza kwa nini sikumpuuza tu.
Nikafikiria kodi ya Ngara, deni la madondo,
mama na simu yake, sufuria iliyogoma kutakata,
vidole vyangu vyekundu kwa rosela na kwa baridi.

Nikasema: alikuwa amesimama pale.