Ufunguo wa Stoo

Ufunguo wa stoo ya timu ninao mimi.
Hakuna aliyenikabidhi, hakuna aliyekuja kuuchukua.
Ndani mna jezi kumi na saba za manjano
(zilikuwa kumi na nane, moja sijui iliko),
pampu isiyovuta, gunia la chokaa iliyoganda,
na kikombe cha bati lililopakwa dhahabu,
sikio lake la kushoto lilivunjika
usiku ule tulipokishangilia mno.

Uwanja wetu ulikuwa wadi, bonde kavu nje ya Sinaw.
Mawe waliyaokota kwa mikono,
mume wangu Mselem na vijana waliorudi kutoka Wete na Bujumbura
na Kiarabu chao cha kuazima.
Mtaani waliitwa Wazinjibari,
wao wakaitika kwa mabao.
Zahor akipaza sauti, "Nyuma yako, we! Mwachie!"
mabeki wa watu wanatazamana tu:
Kiswahili kilikuwa mchezaji wetu wa kumi na mbili.

Kisha akaja Dragutin, kocha, Mkroatia,
mwekundu kama kamba aliyechemshwa.
Alikula wali wangu wa nazi, akaomba ukoko.
Mfukoni alibeba picha ya timu ya kwao,
mji mdogo, mto, kiwanda cha matofali.
"Kiwanda kilipofungwa," alisema,
"timu haikumaliza miezi mitatu.
Leo golini wamepanda kabichi."
Tukacheka.
Sisi tulikuwa tunapanda madaraja,
nani apande kabichi Sinaw?

Na kweli tulipanda. Mwaka wa kwanza, na wa pili.
Thuwaini mwenye saruji akatununulia basi lenye mapazia,
taa nne za uwanjani,
na mshambuliaji wa kulipwa aliyelilalamikia jua
kana kwamba sisi ndio tuliolitundika.
Siku tuliyowafunga wa Maskati mbili bila,
soko la ngamia lilivunjika kabla ya saa nne,
ngamia wenyewe wamevishwa vitambaa vya manjano shingoni,
wanatafuna, hawana habari.
Alfajiri nilifua jezi zile.
Maji ya beseni yakawa mekundu kwa vumbi,
nikaona haya kuyamwaga.

Kuanguka hakupigiwi filimbi.
Thuwaini alifariki mwezi wa Shaabani.
Wanawe wakagawana: huyu saruji, huyu nyumba, huyu basi.
Timu haikumwangukia mtu.
Mishahara ikawa ahadi,
ahadi ikawa salamu,
salamu ikapita upande wa pili wa barabara.
Yule wa kulipwa aliondoka na viatu vya Zahor.
Dragutin alikaa miezi mitano bila senti,
akila kwangu, akiosha sahani yake mwenyewe,
kisha naye akaaga, hakutazama nyuma.

Mechi ya mwisho walisimama tisa,
mmoja wao dereva wa gari la maji,
ameliacha linanguruma pembeni.
Tulifungwa saba.
Mselem alizikunja nyavu peke yake,
polepole, pembe kwa pembe,
kama shuka la mgeni atakayerudi kesho.

Mvua ikanyesha milimani, wadi likateremka,
likadai chake.
Goli moja halikuonekana tena.
La pili lilinaswa kwenye mkunazi, mbali huko chini,
na mbuzi wanalijua vizuri kuliko washambuliaji wetu wa siku zile za mwisho.
Mselem hakwenda kuliona.
Sasa naye yuko chini ya mawe mawili,
mbali kidogo na njia.

Juzi mjukuu wangu Hilal kanionyesha picha kwenye simu.
Mzee mwekundu, kofia ya sufi,
amesimama katikati ya shamba, kabichi mkononi kubwa kama kichwa cha ndama,
anacheka kwa meno machache.
Na amevaa jezi ya manjano.
Ile ya kumi na nane!
Mwizi mkubwa.
Hilal akauliza, "Bibi, nimjibu nini?"

Mwulize, nikamwambia,
anaifua kwa sabuni gani,
mbona haijapauka.