Fremu ya Wima

Mimi si mchoraji. Nakata mbao,
pembe nyuzi arobaini na tano, gundi, msumari mdogo,
na kwa miaka thelathini na moja nilimtengenezea fremu
Sotir Nanovski wa mtaa wa kiwanda cha sukari,
huku kwetu Poland, kandokando ya mto Odra,
ambako mlima mrefu kuliko yote
ni rundo la viazisukari likingoja malori.

Fremu zake zote zilikuwa za kulala.
Upana mita moja na nusu, kimo shubiri mbili.
Shamba la shayiri, mfereji, reli, lami yenye barafu,
na juu kabisa mbingu nyembamba kama pindo la sketi.
Siku moja nikamwambia: Bwana Sotir,
mbingu ni ya bure, mbona unaibana?
Akacheka, akalipa, akaenda zake.

Mkewe, Bogna, ndiye aliyenisimulia
akisubiri gundi ikauke.
Alikuwa na miaka sita, Machi ya arobaini na nane,
kijiji juu ya ziwa Prespa, upande wa Ugiriki.
Mchana ndege zilidondosha moto,
kwa hiyo watoto walitembezwa usiku,
ishirini kwa mama mmoja asiye mama yao,
mikono kwenye kamba ya kufungia punda.
Mbuzi walivuliwa kengele.
Mchanga alipewa kitambaa chenye sukari anyonye, asilie.
Na agizo lilikuwa moja: usitazame juu.
Maji hung'aa, kioo hung'aa,
na uso wa mtoto, ukiinuliwa, hung'aa.

Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu.
Yeye aliambiwa asitazame,
akatii hadi mvi.

Alichokiona ni visigino.
Visigino vya msichana aitwaye Dosta,
kimoja ndani ya kiatu cha ngozi ya nguruwe, kingine ndani ya gunia.
Kokoto. Mizizi. Theluji iliyochanganyika na mavi ya kondoo.
Ardhi dhiraa tatu mbele yake, kisha dhiraa tatu nyingine,
mpaka Poland.

Bwenini walimnyoa, wakampa namba na supu ya kabichi.
Mkaa aliuiba chumba cha boila.
Buluu ya kufulia aliipata kwa Bi Jadwiga
kwa kumsaidia kukamua mashuka.
Nyekundu ilitoka kwenye bakuli lake la biti.
Akachora nyuma ya ramani ya darasani, akachapwa,
na mwalimu yuleyule aliyemchapa
akaitundika ile ramani, mgongo ukiwa mbele.

Nilizipenda picha zake? Sijui. Nilizipima.
Ila katika kila moja, hata ile ya uwanja wa kiwanda,
kulikuwa na kivuli kikiingia kutoka kulia,
kivuli cha kitu kilichosimama nje ya fremu.
Mlima, alisema Bogna. Analala nao pia.

Alipotimiza sitini na mmoja mpaka ulilegezwa kidogo, akaenda.
Siku nne. Akaniletea mfuko wa jozi, nusu zina funza.
Kuta zimebaki za kufika kiunoni, alisema,
na jikoni pameota mti.
Kisha akaagiza fremu: upana shubiri tatu,
kimo mita moja na nusu.
Umegeuza vipimo, nikamwambia.
Kata hivyohivyo, akasema.

Turubai aliileta kwa baiskeli, ndani ya blanketi.
Lilikuwa shamba la viazi nyuma ya karakana yangu,
ninalolipita kila asubuhi nikienda chooni,
na juu yake mbingu, robo tatu nzima ya mbingu,
mawingu ya Septemba na kunguru mmoja.
Nikakagua kulia. Nikakagua kushoto.
Mlima uko wapi?
Nimeurudisha, alisema,
akajipangusa vumbi la mbao kwenye mkono wa koti.

Daftari langu bado linasomeka:
Nanovski, wima, mwaloni, moja, haijalipwa.
Aliahidi Ijumaa.
Bogna alikuja na pesa baada ya mazishi
na mimi nikajifanya natafuta miwani.