Alipopokea, Alipofika

Bwana Nampunju, karani wa mizani pale ghala la chama cha msingi,
hajawahi kupiga mpira, hata ule wa makaratasi.
Lakini msimu wa korosho ulipokwisha tukampa timu
kwa sababu ana filimbi, na ana daftari.

Daftari lile lile la kilo.
Akachora mstari katikati ya ukurasa:
huku Alipopokea, huku Alipofika.
Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi,
maana mimi ndiye namba nane, mpiga mabomu.
Mpira wangu ukiruka, Newala nzima
inasimama juu ya pikipiki kuutazama.

Jumapili ya tatu akanionyesha hesabu.
Mabomu kumi na tisa. Yaliyomfikia mwenzetu, manne.
Na chini yake, kwa wino mwingine,
pasi moja ya hatua mbili, ya woga,
niliyomsukumia Chinduli nikiwa nimebanwa.
Alipokea kwenye mstari wa kati.
Alifika wavuni.

"Hatua mbili ni zako," akasema, "hamsini na moja ni zake.
Mzigo huu niuandike kwa jina la nani?"

Chinduli ni mtoto wa mteremko.
Kabla bomba halijafika alikuwa akishuka Kitangari
alfajiri, akipanda na ndoo,
na mwenye haraka ya shule hasimami kutwishwa:
mama anatwisha, miguu imeshaondoka.
Ndivyo anavyopokea mpira.
Bega limeshageuka, jicho limeshampita
beki wa kwanza, na mpira unaikuta
safari imeanza bila yake.
Wala haumwagiki.

Basi tukajengwa upya, kuanzia miguu yake kurudi nyuma.
Mimi nikaambiwa: fupi, mapema, mguu ulio mbali na beki.
Ukikosea shubiri moja nyuma yake umemsimamisha,
na Chinduli aliyesimama ni mtu kama mimi.
Likwata, aliyezoea kuja karibu kuombaomba,
akafukuziwa ng'ambo, akakanyage chokaa ya pembeni,
asiguse kitu, amvute beki wake kama mbuzi wa kamba.
Kumi tulikuwa tunamfagilia mmoja njia.

Tandahimba wakaweka watatu kumngoja.
Akapokea, akawapeleka wote watatu hadi kwenye kibendera,
na ng'ambo kule Likwata, peke yake,
alikuwa na muda wa kufunga kamba za kiatu.
Akafunga kamba. Mpira ulipomfikia, akafunga goli.

Niseme kweli, iliniuma.
Watu walikaa chini kwenye pikipiki zao;
nani asimame kutazama pasi ya hatua mbili?
Nikabaki na fahari ndogo,
ya mtu aliyefungua zizi, mkono bado uko kwenye komeo,
na vumbi la ng'ombe limeshafika bondeni.

Mwezi wa sita, salfa ikianza kupulizwa,
Chinduli akavuka Ruvuma kwa mjomba wake, kuuza simu.
Mechi iliyofuata nikampa Nantembo mpira ule ule,
fupi, mapema, mguu wa mbali.
Alipokea vizuri sana.
Akautuliza, akaukanyaga, akainua kichwa,
akanitafuta mimi.

Bwana Nampunju akaandika. Nilichungulia begani kwake.
Alipopokea: hatua mbili.
Alipofika: hatua mbili.
Kwa mara ya kwanza niliuona
urefu wa pasi yangu.