Shati Kwenye Kamba

Redio ya jirani inabishana tangu asubuhi:
ati anayempiga polisi ahukumiwe
sawa na anayempiga mtu kwa kabila lake.
Chuki ni chuki, anasema wakili.
Mwingine anadakia: na mwenye kofia akinipiga mimi?

Mimi nafua.
Shati la kaka Mwepu, wa rulaje, njia panda ya Katuba.
Damu kwenye kola. Jiwe la juzi.
Aliyelirusha alishakamuliwa mara tatu siku ile,
faranga mia tano, mia tano, mia tano,
na Mwepu hajaona mshahara tangu mvua za kwanza.
Sisemi alistahili.
Jeraha nimelifunga kwa mikono hii.

Mama mkwe, Ngalula, ameacha kutwanga sombe.
Mwaka wa tisini na tatu alilala stesheni ya Likasi
wiki sita, akingoja treni ya Kasai,
kwa sababu ya jina la baba yake.
Alizaa pale, katikati ya masufuria ya watu.
Akazika palepale.

“Kaka yako,” anasema,
“jioni anaivua, wewe unaianika.
Mimi yangu ningeianika wapi?”

Sina jibu. Redio nayo inatangaza sabuni.

Kisha ananipokonya shati,
anamwaga maji yangu ya moto kwenye mtaro.
“Damu haitoki hivyo, mwanangu.
Baridi. Na chumvi.”
Anaisugua kola ya Mwepu
polepole, kwa kidole gumba,
kama mtu anayejua.