Mkono Nyuma ya Tandiko

Watasema alianzia Mtwara mjini,
timu ya kiwanda, jezi ya bluu, miguu imenyolewa
mpaka mama akauliza: huyu kaugua nini?
Mimi nasema alianzia hapa Newala,
ukingoni mwa Shimo la Mungu,
na Foneksi ya baba, zao la korosho za mwaka mmoja mzuri,
madumu mawili ubavuni, la tatu kwenye keria,
yeye kashika usukani, mimi nasukuma nyuma.

Yeye kumi na moja. Mimi kumi na nne.
Maji yalikuwa bondeni, sisi tulikuwa juu,
na kati yetu njia iliyopinda kama utumbo wa mbuzi.
"Sukuma, Somoe!"
Nilisukuma. Mpaka leo
naujua mgongo wa ndugu yangu kuliko uso wake.

Kisha lami ikamchukua.
Mikindani, Mnazi Mmoja, Lindi na kurudi
kabla chakula cha mchana hakijaiva.
Morogoro. Mwanza. Mara moja Kigali,
akapiga simu: Somoe, huku milima wameitandika lami!
Miaka tisa. Hakuwahi kushinda.
Kazi yake ilikuwa kukata upepo
ili mwingine, nyuma yake, afike mbele.
Nilicheka kwenye simu: kazi hiyo si naifahamu?

Halafu lori la korosho, kona ya Mingoyo,
magunia hadi juu, dereva na usingizi wake.
Mtulinga ulivunjika mara mbili.
Timu ikaleta matunda na barua.
Matunda tuliyala.

Alirudi ana thelathini na mbili,
msimu mzima akapuliza salfa kwenye mikorosho ya mjomba,
hanyoi miguu, haongei.
Siku moja akaunganisha fremu ya mtu na matairi ya mtu mwingine,
matairi manene, yenye meno,
akaenda ukingoni, akachungulia.
Nikamwona anashuka.
Sikupiga kelele. Nilihesabu.
Kwenye jiwe la kupumzikia, tulipozoea kutukanana,
alipita hewani.
Hewani! Pale pale tulipowahi kumwaga dumu zima
tukalia kama tumefiwa.

Lami, aliniambia baadaye, haikujui,
inakupitisha tu.
Njia hii inakumbuka: mzizi huu, utelezi ule,
hapa laza bega, hapa usiguse breki.
Nikamwambia: njia haikumbuki kitu, Dadi. Unakumbuka wewe.
Akanyamaza, akaendelea kutia mafuta mnyororo.

Mwaka huu wakaleta mashindano.
Kamba za rangi, spika, daktari na hema lake,
vijana wa Arusha na baiskeli za bei ya nyumba.
Mizunguko minne: kushuka, kupanda.
Wa mwisho akatokea wa tatu,
vumbi jekundu hadi kwenye kope,
na penye mchanga, hatua thelathini kabla ya utepe,
gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka bure.

Alisema kitu. Pengine alikuwa anahema tu.
Mimi nilisikia: sukuma.

Sijui niliruka kamba saa ngapi.
Nakumbuka tandiko, la moto, kiganjani,
mgongo ule ule, umekuwa mpana,
na filimbi, filimbi, filimbi.

Kusukumwa ni kosa. Kifungu sijui cha ngapi.
Walimfuta mbele ya watu wote
na spika ikalitaja jina langu vibaya.

Tulirudi kwa miguu, baiskeli katikati yetu.
Sikuthubutu kumtazama.
Bombani foleni ilifika barabarani, maji yanadondoka kama yanaombwa radhi.
Akachukua dumu la bibi wa jirani, lililokwisha jaa,
akalifunga kwa mpira juu ya baiskeli isiyo na keria,
akashika usukani,
akageuza shingo:

"Sasa unangoja nini?"